SURA YA TISA: KUNYONYA VIDOLE NA AFYA YA MENO

Katika sura iliyopita tulijifunza aina za meno na kazi zake. Tuliona kwamba meno ya kukatia hukata chakula, chonge huchana, na magego husaga. Katika sura hii tutajifunza jinsi tabia moja ya utotoni inavyoweza kubadili mpangilio wa meno hayo, na hata kudhuru afya ya mwili mzima. Tabia hiyo ni kunyonya vidole.

Huenda nyumbani kwenu yuko mdogo wako anayenyonya kidole gumba kila anapotaka kulala. Huenda wewe mwenyewe ulikuwa na tabia hiyo ulipokuwa mdogo, au unayo hata sasa. Kunyonya kidole si kosa, wala si jambo la kuonea haya. Lakini ni jambo lenye wakati wake. Likipita wakati wake, huleta madhara.

Kidole ni laini, nalo jino ni gumu. Je, kitu laini kinawezaje kusogeza kitu kigumu? Hilo ndilo swali kubwa la somo letu.

1. KWA NINI MTOTO HUNYONYA?

Mtoto hafundishwi kunyonya. Huanza akiwa bado tumboni mwa mama yake. Madaktari wanaotumia mashine ya kumwangalia mtoto aliye tumboni wamewaona watoto wakinyonya vidole kabla ya kuzaliwa. Mtoto mchanga akiguswa mdomoni hunyonya papo hapo bila kufikiri. Tendo la namna hii, ambalo mwili hulifanya wenyewe bila kuamriwa, ni tendo lisilo la hiari. Kope zako hufumba ghafla mdudu anapokaribia jicho; hilo nalo ni tendo lisilo la hiari.

Kunyonya humpa mtoto mchanga faida mbili. Kwanza, humpatia chakula, yaani maziwa ya mama. Pili, humtuliza. Mtoto mwenye njaa, usingizi, hofu au upweke hupata utulivu anaponyonya. Kwa sababu hiyo mtoto anaponyonya ngumi yake, mara nyingi mama hutambua kwamba mtoto ana njaa, hata kabla hajalia.

Watoto wengi huacha kunyonya vidole wao wenyewe wanapokuwa na umri wa kati ya miaka 2 na 4. Wakati huo wameanza kusema, kutembea na kucheza na wenzao. Wamepata njia nyingine za kujituliza. Lakini wako watoto wachache ambao huendelea, wengine hata baada ya kuanza shule. Hao ndio walio katika hatari.

2. MENO HUOTA LINI?

Ili tuelewe hatari hiyo, tukumbuke kwanza jinsi meno yetu yanavyoota. Binadamu huota meno mara mbili. Meno ya kwanza huitwa meno ya utoto. Nayo ni 20. Meno ya pili huitwa meno ya kudumu. Nayo ni 32. Haya yakiharibika au yaking'oka, hayaoti tena.

Angalia orodha ifuatayo. Umri uliotajwa ni wa kukadiria, kwa kuwa watoto hawalingani.

Miezi 6: meno ya kwanza ya utoto huanza kuota, mara nyingi yale ya mbele ya taya la chini.
Miaka 2½ hadi 3: meno yote 20 ya utoto yamekwisha kuota.
Miaka 6 hadi 7: magego ya kwanza ya kudumu huota nyuma ya meno ya utoto, na meno ya mbele ya chini hung'oka na kuota mapya.
Miaka 7 hadi 9: meno ya mbele ya juu ya kudumu huota.
Miaka 9 hadi 12: magego madogo na chonge za kudumu huota.
Miaka 12 hadi 13: magego makubwa ya pili huota.
Miaka 17 hadi 25: magego ya mwisho huota, ingawa kwa watu wengine hayaoti kabisa.

Zoezi: Nawa mikono. Chukua kioo kidogo, fungua kinywa na kuhesabu meno yako. Je, una meno mangapi? Je, bado unalo jino lolote la utoto? Andika jibu lako daftarini.

Utaona katika orodha kwamba umri wa miaka 6 ni umri muhimu sana. Hapo ndipo meno ya kudumu yanapoanza kushika nafasi zake. Taya nalo bado linakua. Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Taya la mtoto ni kama udongo huo. Linaweza kufinyangwa vizuri, na linaweza kufinyangwa vibaya.

3. NGUVU NDOGO YA MUDA MREFU

Fanya jaribio lifuatalo pamoja na wenzako.

Jaribio la 1

Vifaa: Makopo mawili yenye udongo, mbegu za maharage, uzi, kijiti kimoja na maji.

Njia:
(a) Panda mbegu katika kila kopo na kuzimwagilia maji. Subiri mpaka miche ifikie urefu wa sentimeta 15 hivi. Bakiza mche mmoja tu katika kila kopo. Mmoja uite A na mwingine B.
(b) Kila siku asubuhi uinamishe mche A kwa kidole, uhesabu moja hadi kumi, kisha uuachilie. Uangalie usivunjike.
(c) Chomeka kijiti kando ya mche B. Funga uzi kwenye shina la mche na kwenye kijiti, ili shina liiname kidogo tu. Usikaze uzi, na usiufungue.
(d) Endelea kumwagilia miche yote miwili. Baada ya majuma mawili fungua uzi wa mche B, kisha ulinganishe miche hiyo.

Matokeo: Mche A umesimama karibu wima. Shina la mche B limebaki na kombo.

Jambo tunalojifunza: Nguvu ndogo inayodumu kwa muda mrefu huweza kubadili umbo la kitu kinachokua, hata pale ambapo nguvu ya muda mfupi haiwezi.

Jino halikui kama mche wa maharage. Lakini nalo husogezwa kwa nguvu ndogo inayodumu. Tuone jinsi jambo hilo linavyotokea.

Jino halikupigiliwa tayani kama msumari ulivyopigiliwa ubaoni. Mzizi wa jino umeshikiliwa katika tundu lake kwa nyuzi nyingi nyembamba sana zinazouunganisha na mfupa wa taya. Mfupa huo nao ni kitu hai. Jino likisukumwa polepole kwa muda mrefu, mfupa ulio upande linakoelekea jino huliwa kidogo kidogo na chembe hai za mwili. Upande linakotoka jino, chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Hivyo jino huhama taratibu pamoja na tundu lake, bila maumivu na bila mtu kutambua.

Sasa huenda utauliza: "Tunapotafuna muwa au mahindi ya kuchoma tunatumia nguvu nyingi. Mbona meno hayahami?" Jibu ni kwamba nguvu ya kutafuna ni kubwa, lakini ni ya muda mfupi. Kila tonge hubanwa kwa chini ya sekunde moja, kisha meno huachana. Mtoto anayelala na kidole kinywani husukuma meno yake kwa nguvu ndogo, lakini kwa saa nyingi kila usiku, mwezi hata mwezi, mwaka hata mwaka.

Basi ukubwa wa madhara hutegemea mambo matatu:
(i) Mtoto hunyonya kwa saa ngapi kila siku.
(ii) Hunyonya kwa nguvu kiasi gani.
(iii) Ameendelea na tabia hiyo mpaka umri gani.

Mtoto anayenyonya kwa dakika chache kabla ya kulala, kisha kidole kikachomoka, hawezi kulinganishwa na yule anayenyonya usiku kucha.

4. MADHARA KWA MENO NA MATAYA

Tazama kidole gumba kinavyokaa kinywani mwa mtoto. Upande wa kucha huelekea chini, nao upande laini wa kidole hugusa nyuma ya meno ya juu na kaakaa. Kwa hiyo kidole husukuma meno ya mbele ya juu kwenda nje. Wakati huohuo huyakandamiza meno ya mbele ya chini kwenda ndani. Yafuatayo huweza kutokea.

(a) Meno ya juu kuchomoza. Meno ya mbele ya juu hutokeza nje na kuilemea midomo isifumbe vizuri. Meno yaliyochomoza huwa katika hatari ya kuvunjika. Mtoto akianguka anapocheza mpira au anapokimbia, meno hayo ndiyo yanayotangulia kugonga ardhi.

(b) Meno ya mbele kutokutana. Kidole kikikaa katikati ya meno ya juu na ya chini, huyazuia yasiote mpaka mwisho. Mtoto anapouma meno, magego hukutana lakini meno ya mbele hubaki yameachana. Mtoto wa namna hii hawezi kukata vizuri ugali, nyama au embe kwa meno ya mbele. Hulazimika kukatia pembeni.

(c) Taya la juu kuwa jembamba. Kwa kawaida ulimi hukaa juu, ukigusa kaakaa, na kuyasukuma magego nje kidogo. Mashavu huyasukuma ndani. Nguvu hizi mbili hulingana, na meno hutulia kati yake. Kidole kikiingia, ulimi hushuka chini. Mashavu nayo hubonyea ndani na kuyabana magego ya juu. Taya la juu huwa jembamba na kaakaa huinuka. Ndipo magego ya juu hushindwa kukaa sawasawa juu ya magego ya chini.

Unaweza kuhisi nguvu ya mashavu yako sasa hivi. Fumba mdomo, kisha vuta kana kwamba unanyonya maji kwa mrija wa jani la mpapai. Je, unahisi mashavu yanavyobana meno?

(d) Matamshi kuharibika. Simama mbele ya kioo na useme polepole: sisi, siafu, zeze, zawadi. Utaona kwamba unapotamka "s" na "z", ncha ya ulimi hukaa nyuma ya meno. Mtu ambaye meno yake ya mbele hayakutani, ulimi wake huweza kupenya kwenye uwazi huo. Hapo "sisi" husikika kama "thithi". Matamshi hayo huitwa kithembe. Si kila mwenye kithembe alinyonya vidole, lakini kunyonya vidole ni chanzo kimojawapo.

Angalia: Usichanganye madhara haya na mwanya. Mwanya ni nafasi ndogo kati ya meno mawili ya mbele, nao watu wengi huuhesabu kuwa ni uzuri. Tena, wako watu ambao meno yao yamechomoza kwa sababu wamerithi umbo la taya kutoka kwa wazazi wao. Kwa hiyo usimtazame mtu meno ukasema, "Huyu alikuwa akinyonya vidole."

Je, meno yaliyosogea huweza kurudi? Mtoto akiacha kunyonya mapema, akiwa bado na meno ya utoto, mara nyingi midomo, mashavu na ulimi huyarudisha meno mahali pake polepole. Mtoto akiendelea baada ya meno ya mbele ya kudumu kuota, huenda meno yasirudi yenyewe. Hapo huhitaji tiba ya daktari wa meno. Daktari huyafunga meno kwa vifaa vya waya vinavyoyavuta kwa nguvu ndogo kwa muda wa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka mmoja. Kumbe daktari hutumia kanuni ileile ya Jaribio la 1, lakini kwa faida! Tiba hiyo ina gharama kubwa na haipatikani kila mahali. Kuzuia ni bora kuliko kuponya.

5. CHUPA NA CHUCHU YA MPIRA

Watoto wengine hawanyonyi vidole bali hunyonya chuchu ya mpira isiyo na maziwa. Wengine hulazwa na chupa ya kunyonyea kinywani. Chuchu ya mpira nayo huweza kusogeza meno kama kidole kinavyofanya, ikitumiwa kwa miaka mingi.

Chupa ina hatari nyingine zaidi. Kinywani mwetu mna bakteria wengi. Bakteria hao wakipata sukari huigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo humumunyua tabaka gumu la nje la jino. Mchana, mate husaidia kuiosha asidi hiyo. Usingizini mate hupungua sana. Mtoto akilala na chupa yenye chai ya sukari, maji ya matunda yaliyotiwa sukari, au maziwa yenye sukari, meno yake hubaki yameloa utamu huo usiku kucha. Vivyo hivyo kwa mtoto anayepewa chuchu ya mpira iliyochovywa katika sukari. Meno manne ya mbele ya juu ndiyo huanza kuoza. Meno ya mbele ya chini hukingwa na ulimi, kwa hiyo mara nyingi hupona.

Watu wengine husema, "Si kitu, hayo ni meno ya utoto, yatang'oka." Maneno hayo si sahihi. Jino la utoto lililooza huuma. Mtoto mwenye maumivu hali vizuri, halali vizuri, wala hakui vizuri. Usaha ukitunga kwenye mzizi, huweza kudhuru jino la kudumu linalojengeka chini yake. Na jino la utoto, hasa gego, liking'olewa kabla ya wakati wake, meno ya jirani huegemea katika pengo hilo. Jino la kudumu likija, halipati nafasi, na huota kombo.

Chupa na chuchu zake pia ni vigumu kuzisafisha. Mabaki ya maziwa hujificha katika pembe zake na kuzalisha bakteria wanaoleta kuharisha. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vingine mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Mtoto akihitaji kupewa maziwa mengine, ni afadhali kumnywesha kwa kikombe safi kuliko kwa chupa.

6. KIDOLE HUPELEKA NINI KINYWANI?

Mpaka sasa tumezungumzia meno. Lakini kidole hakiingii kinywani peke yake.

Jaribio la 2

Vifaa: Bakuli jeupe, maji safi na sabuni.

Njia: Baada ya mapumziko, nawa mikono yako katika bakuli hilo kwa maji na sabuni. Sugua na chini ya kucha. Tazama rangi ya maji.

Matokeo: Maji yamechafuka, hata kama mikono ilionekana kuwa safi.

Uchafu unaouona ni sehemu ndogo tu. Ndani yake huweza kuwamo vitu usivyoweza kuviona kwa macho: bakteria, virusi na mayai ya minyoo. Hebu tuangalie aina mbili za minyoo.

Askarisi ni mnyoo mrefu wa mviringo. Mnyoo mkubwa wa aina hii huweza kuwa na urefu wa sentimeta 15 hadi 35. Jike mmoja huweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Mayai hutoka pamoja na kinyesi. Mtu akijisaidia vichakani, mayai hukaa udongoni, na baada ya majuma kadhaa huwa tayari kumwambukiza mtu. Mtoto anayecheza chini, kisha akanyonya kidole bila kunawa, huyameza mayai hayo. Minyoo ikiwa mingi hula sehemu ya chakula cha mtoto. Mtoto hukonda, huumwa na tumbo, na hukosa nguvu ya kusoma. Wakati mwingine minyoo hujisokota pamoja na kuziba utumbo. Hiyo ni hatari kubwa.

Aina ya pili ni minyoo midogo myeupe inayofanana na vipande vya uzi. Usiku jike hutoka na kutaga mayai kwenye ngozi ya tundu la haja kubwa. Mtoto huwashwa na kujikuna. Mayai hunasa chini ya kucha. Mtoto akinyonya kidole, huyameza tena. Hivyo mtoto hujiambukiza mwenyewe, tena na tena.

Kuharisha, homa ya matumbo na kipindupindu navyo huweza kuenezwa kwa mikono michafu. Kidole chenyewe pia huumia. Ngozi inayoloa mate kila mara hulainika na kupasuka, au huota sugu. Bakteria wakipenya kando ya ukucha, kidole huvimba na kutunga usaha.

7. JE, KUOTA MENO HULETA KUHARISHA?

Mtoto anapofikia umri wa miezi 6 hivi, mambo matatu hutokea pamoja. Meno yake huanza kuota. Huanza kula vyakula vingine zaidi ya maziwa ya mama. Tena hukaa chini, hutambaa, na kutia kinywani kila anachokishika: mikono yake, udongo, kijiko kilichoanguka. Si ajabu kwamba wakati huo watoto wengi hupata kuharisha na homa.

Watu huona fizi zilizotuna na kuharisha kwa wakati mmoja, wakafikiri kwamba meno ndiyo yaliyoleta ugonjwa. Lakini mambo mawili yakitokea pamoja, haina maana kwamba moja limeleta jingine. Chanzo cha kuharisha ni viini vya ugonjwa vilivyoingia kinywani pamoja na mikono na vyakula vichafu.

Kosa hili la kufikiri limeua watoto. Katika baadhi ya sehemu za Afrika Mashariki, zikiwamo sehemu za Tanzania na Uganda, wako watu walioamini kwamba mtoto anayeharisha ana "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Wakaipasua fizi ya mtoto na kung'oa meno machanga yaliyo ndani, kwa vyombo visivyo safi. Vitu hivyo vyeupe na laini si plastiki. Ni meno ya utoto, mara nyingi chonge, ambayo bado hayajakomaa. Mtoto anayefanyiwa hivyo huweza kutokwa damu nyingi, kupata pepopunda au sumu ya bakteria katika damu, na kufa. Akipona, huweza kukosa meno hayo au kuota meno ya kudumu yenye kasoro. Na kuharisha kwake hakukutibiwa.

Mtoto mdogo akiharisha, aendelee kunyonyeshwa, apewe maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa kama wahudumu wa afya wanavyoelekeza, na apelekwe zahanati upesi.

8. NAMNA YA KUMSAIDIA MTOTO AACHE

Mtoto aliye chini ya miaka 3 anayenyonya kidole hahitaji kuzuiwa kwa nguvu. Anahitaji mikono safi na kucha fupi. Kuanzia miaka 4 asaidiwe kuacha, ili awe ameacha kabisa kabla ya meno ya kudumu ya mbele kuanza kuota.

Mambo ya kufanya:
(i) Tafuta sababu. Je, ana njaa, usingizi, hofu, au upweke? Sababu ikiondolewa, mara nyingi tabia nayo huondoka.
(ii) Mpe mikono yake kazi. Mpe udongo wa kufinyanga, gari la waya, mpira wa matambara au mdoli.
(iii) Msifu anapofaulu. Chora alama kwa kila siku aliyopita bila kunyonya, na mhesabu pamoja.
(iv) Akiwa amekubali mwenyewe, kidole kifungwe kitambaa laini usiku ili kimkumbushe. Kisikazwe, damu isije ikazuiwa.
(v) Msimulie hadithi au kaa naye mpaka alale.

Mambo ya kuepuka:
(i) Usimpige wala kumcheka. Mtoto mwenye hofu au aibu hutafuta utulivu, na utulivu wake ni kidole. Kwa hiyo atanyonya zaidi.
(ii) Usimpake pilipili. Akijifikicha macho, pilipili itamchoma na kumdhuru.
(iii) Usimfunge mikono.

Ikiwa wewe mwenyewe bado una tabia hii, usikate tamaa. Watoto wenye umri kama wako wameweza kuacha. Mweleze mzazi, mlezi au mwalimu wako. Chagua siku ya kuanza, na utafute mtu wa kukukumbusha. Ikiwa meno yako ya mbele hayakutani, omba upelekwe kwa mganga wa meno.

MUHTASARI

1. Kunyonya ni tendo la asili kwa mtoto mchanga.
2. Nguvu ndogo inayodumu kwa muda mrefu huweza kusogeza meno na kubadili umbo la taya linalokua.
3. Madhara huwa makubwa zaidi tabia ikiendelea baada ya meno ya kudumu kuanza kuota, yaani miaka 6 hivi.
4. Chupa yenye utamu usiku huozesha meno.
5. Vidole vichafu hupeleka bakteria, virusi na mayai ya minyoo kinywani.
6. Kuota meno si chanzo cha kuharisha. Meno machanga yasing'olewe.
7. Mtoto husaidiwa kuacha kwa upole, si kwa adhabu.

MASWALI

1. Taja faida mbili za kunyonya kwa mtoto mchanga.
2. Binadamu huota meno mangapi ya utoto, na mangapi ya kudumu?
3. Kwa nini kutafuna muwa hakusogezi meno, lakini kunyonya kidole huyasogeza?
4. Eleza jinsi mfupa wa taya unavyobadilika jino linaposukumwa polepole.
5. Taja mambo matatu yanayoamua ukubwa wa madhara ya kunyonya vidole.
6. Kwa nini meno ya mbele ya juu huoza kabla ya yale ya chini kwa mtoto anayelala na chupa?
7. Eleza safari ya yai la askarisi kutoka kichakani mpaka tumboni mwa mtoto.
8. Jirani anasema mtoto wake anaharisha kwa sababu ya "meno ya plastiki". Utamweleza nini?
9. Toa sababu mbili za kutompiga mtoto wala kumpaka pilipili ili aache kunyonya kidole.

KAZI YA NYUMBANI

Waulize watu wazima wawili jinsi watoto walivyosaidiwa kuacha kunyonya vidole zamani. Andika majibu yao daftarini. Darasani, jadilianeni ni njia zipi zinafaa, zipi hazifai, na kwa nini.